Kola ya Lulu na Sahani ya Mlangoni

Haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa pensheni yangu, ambayo ni ndogo lakini ni halali, na naapa kwa meno yangu ya mbele, yale niliyozaliwa nayo na yale niliyonunua. Hivi hivi ndivyo nilivyoapa siku ile barazani kwenye duka la vito la Bushra, hapa Tunduma, mbele ya watu waliokuwa wamebanana kwenye benchi wakisubiri mvua ikatike. Nikawaambia: atakayenikamata na neno moja la uongo, soda ya kila mtu iko juu yangu, kreti nzima, na chupa tupu nitarudisha mwenyewe.

Yassir, mwenye malori, akaniuliza kama nayaapia na yale ya foleni. Maana muda mfupi kabla nilikuwa nimewasimulia habari za dereva aliyeingia kwenye foleni ya mpakani akiwa kapera, akamchumbia muuza mahindi ya kuchoma, na alipofika getini mtoto wao wa kwanza alikuwa anaota meno. Nikamwambia ya foleni tuyaweke kando. Hii ni ya Erica na shingo ya binti yake, na haina utani.

Erica mnamjua. Ana kibanda cha mchele na maharage kwenye njia ya kwenda mpakani, na anapopima kilo huongeza kiganja kimoja juu, si kwa ukarimu, ni kwa kuogopa maneno ya watu. Mumewe ni Efraimu, mzee wa kanisa. Kanisa lenyewe silitaji jina, ni la kwetu na bado nataka linizike. Binti yao ni Eva, yule wa kibanda cha kutuma pesa kwa simu, ambaye hamjapata kumwona bila mtandio shingoni, kiwe kipupwe, liwe jua la kupasua mawe.

Eva alikuwa anaolewa na Mika, kijana wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kwenye kikao cha familia mbili walikubaliana hivi: upande wa kijana watakuja na gauni na viatu, upande wa binti watatafuta vya shingoni na masikioni vya kuendana na gauni hilo. Kila mtu aliona ni mgawanyo mzuri. Erica peke yake ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei asiyoweza kulipa, kama gauni litakuwa na shingo ndefu au fupi. Wanaume wakacheka. Wakasema hayo ni mambo ya akina mama.

*

Gauni lilikuja wiki moja kabla ya harusi, limebebwa na shangazi yake Mika, Imelda, mwanamke mrefu anayetembea kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Huyu ndiye aliyemlea Mika baada ya mama yake kufariki. Alivuka mpaka na wanawake wengine wawili, wakaingia sebuleni kwa Erica na vigelegele, wakafungua mfuko.

Gauni lilikuwa zuri, hilo lazima lisemwe. Halikuwa jeupe la chokaa, lilikuwa jeupe la mtindi, kiuno kimebana, mkia unafagia. Lakini juu halikuwa na kitu. Halikuwa na mikono, halikuwa na mabega, halikuwa na kola. Kwa juu liliishia kwapani, kama vile fundi alipigiwa simu ya msiba akaiacha kazi nusu.

"Shangazi," Erica alisema, "na sehemu ya juu iko wapi?"

"Ya juu anakuja nayo mwenyewe, mukwai," Imelda alimjibu, kwa lile neno la heshima la kwao ng'ambo. "Ngozi yake."

Wale wawili wakaangua kicheko. Eva, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, aliliweka sinia mezani polepole, akarudi jikoni.

"Tungeshonea kipande cha lesi hapa," Erica alisema, akishika hewa mahali ambapo mabega yangekuwa.

"Awe, mukwai, hapana. La kukodi hili, limetoka Lusaka. Likirudi na tundu la sindano, nimelinunua."

"Basi hata mtandio mwepesi, wa rangi hii hii…"

"Bibi harusi wa mtandio? Tunaoa au tunahani msiba?"

Safari hii Imelda hakucheka na wenzake. Alimsogelea Erica kwenye kochi, akashusha sauti. "Mama Eva, sikia. Mimi Mika ni mtoto wangu, kama nimemzaa. Binti yako namfahamu mwaka wa pili huu na shingo yake sijawahi kuiona. Watu wanasema mengi. Wengine wanasema ni ugonjwa wa kurithi, utaingia kwa watoto. Mimi simuulizi, nitaonekana mbaya. Na Mika nikimuuliza ananiambia niliache. Lakini siku ya harusi nitaona. Ndiyo maana nikachagua hili."

Erica alifungua mdomo. Kwa maisha yake yote atakumbuka kwamba mdomo ulikuwa umefunguka na neno lilikuwa tayari ulimini. Ila Efraimu, aliyekaa kwenye kiti chake cha pembeni na Biblia mapajani, alikohoa.

"Shangazi usiwe na wasiwasi," alisema. "Binti yetu ana aibu tu. Ndivyo tulivyomlea."

Erica akafunga mdomo. Wakanywa chai.

*

Kesho yake Erica na Eva walikuja hapa, dukani kwa Bushra. Gauni walikuja nalo ndani ya mfuko wa mchele ulio safi, maana Erica aliogopa kulipitisha mtaani likiwa limening'inia. Ndani palikuwa na mteja mmoja, mwanamke mnene aliyekuwa anajaribu bangili zilizokuwa hazitaki kumpita kiganjani.

Bushra alilitandaza gauni juu ya kabati la kioo, akalizungusha, akaligusa kwa nyuma ya vidole.

"Rangi hii haitaki fedha," alisema. "Ukiweka fedha hapa, bi harusi anakuwa kama amekaa ndani ya friji. Hii inataka dhahabu, au lulu zenye unjano kidogo. Haya, bi harusi, fungua mtandio tupime."

Eva alimtazama mama yake. Mama yake akamtazama mwanamke wa bangili.

"Hatuwezi kupima hivi hivi kwa juu?" Erica aliuliza.

"Mama, mkufu unakaa shingoni. Sasa nipime wapi, gotini?"

Eva akafungua. Alifungua haraka, kama mtu anayebandua plasta. Kovu lilianzia chini ya sikio la kushoto, likashuka upande mzima wa shingo na kutawanyika juu ya mtulinga, limejikunja kunjakunja, sehemu nyingine linang'aa, sehemu nyingine jeusi. Mwanamke wa bangili aliacha mkono hewani.

"Yesu wangu. Ni moto huo, au ni ugonjwa?"

"Ni bangili," Bushra alimjibu bila kugeuka. "Yako ni namba ndogo, vua utaivunja. Karibu tena kesho."

Hapo ndipo pa kusema jambo ambalo Erica hakulisema dukani wala kwa wakwe zake. Zamani walikuwa wakiishi mtaa mwingine, kando ya barabara kuu, na Efraimu alikuwa hajaokoka. Kazi yake ilikuwa kununua petroli kutoka kwa madereva waliokuwa wakiinyonya kwenye matangi ya matajiri wao, akaiweka kwenye madumu nyuma ya nyumba na kuiuza kwa chupa. Jioni moja umeme ulikuwa umekatika na yeye anamimina. Akamwita mtoto, aliyekuwa darasa la kwanza. "Sogeza koroboi, mwanangu, sioni." Mtoto mtiifu, akasogeza. Efraimu alipona, akaungua nyusi tu. Baada ya hapo akaokoka, wakahama, na kwa majirani wapya ikasemwa kwamba ni uji wa moto ulimwagika. Hata uji wenyewe baada ya muda haukutajwa tena. Ukabaki mtandio.

Bushra hakuuliza. Alipima kwa utepe, akaanza kushusha seti moja baada ya nyingine. Mkufu mwembamba wenye kidani ulikaa juu ya kovu kama njia ya siafu, ukalionyesha zaidi. Lulu za mistari mitatu zilifunika shingo na kuuacha mtulinga wazi. Ya mawe mekundu ilikuwa inagombana na rangi ya gauni, na Eva mwenyewe akasema anaonekana amechinjwa. Erica alikuwa ameanza kukunja gauni.

"Ngoja," Bushra alisema.

Akapanda kistuli, akashusha boksi kutoka rafu ya juu. Ilikuwa kola, hamna jina jingine, kola nzima ya lulu za rangi ya maziwa na shanga za dhahabu ya kupaka, imesukwa kama wavu, inabana chini ya taya na kutandaa hadi mabegani. Ilikuwa nzito. Bushra alimfunga Eva kwa nyuma na kulalamikia kifungo.

"Hiki kindoano kigumu. Kukifungua lazima uiname, mtu akibonyeze kwa kidole gumba. Na hereni weka vipini tu. Kola hii na hereni za kuning'inia vikizungumza kwa pamoja, mtu hasikii kitu."

Kisha akamgeuza kwenye kioo.

Sasa mimi nimeona mabibi harusi wengi, wengine nilikula pilau yao bila kualikwa. Lakini Erica anasema hajaona kitu kama uso wa mwanawe siku ile. Eva alijitazama shingo. Akageuka kushoto, upande ambao huwa haugeuzi. Akainua kidevu juu, akacheka, cheko la kupumua tu.

"Mama. Niangalie."

"Nakuangalia."

"Hapana, niangalie vizuri. Huku."

Erica akaangalia vizuri, huku. Halafu akamgeukia Bushra na kumuuliza bei ya kukodi kwa sauti kali kama anayegombana, ili asilie. Bushra akataja bei, Erica akataja nusu yake, wakakutana katikati mahali palipokuwa karibu zaidi na kwa Bushra.

*

Nyumbani Efraimu aliliona boksi juu ya meza, akalifungua kwa kidole kimoja.

"Mama Eva, hiki ni nini?"

"Shingo ya mwanao."

Akakaa. Ninyi wa hapa mnajua utaratibu wa kanisa letu, lakini nawasimulia walio wageni. Mwanamke haingii na vito, ni pete ya ndoa tu. Mlangoni kuna meza ndogo, na juu yake sahani ya bati yenye maua ya bluu. Mwenye hereni anavua, mwenye mkufu anavua, vinakaa kwenye sahani mpaka ibada iishe. Siku hizi kwa wasichana wenye vicheni vyembamba wazee huangalia kando. Ila Efraimu haangalii kando. Ndiye aliyeishika sahani hiyo miaka yote, na ameishika vizuri kiasi kwamba baadhi ya watoto wakimwona sokoni hushika masikio.

"Unajua mlangoni pana utaratibu," alisema.

"Utaratibu ni wewe. Sahani unashika wewe. Siku hiyo iweke chini, umshike mwanao mkono."

"Watu watasema. Nesta atasema nini? Si unakumbuka ya Grace?"

Erica alikumbuka. Kila mtu anakumbuka. Grace, binti yake Nesta, alikuja siku ya harusi yake na hereni za marehemu bibi yake, na Efraimu akamsimamisha mlangoni mbele ya kwaya na wapiga picha mpaka akavua. Moja iligoma, ikavutwa, sikio likatoa damu, damu ikadondoka kwenye shela. Nesta alisimama pale anaangalia. Toka siku ile alijiandikisha katika wanawake wa huduma ya mlangoni.

"Grace alikuwa na masikio mazima," Erica alisema. "Alivaa kujipamba. Huyu anavaa kujisitiri. Nenda kwa mchungaji umweleze."

"Nimweleze nini?"

"Uliyoyafanya."

Efraimu alifunga boksi, akalisukuma taratibu hadi katikati ya meza, mbali naye.

"Nitaongea naye."

Siku mbili baadaye alirudi kutoka kanisani, Erica akamuuliza kabla hajavua viatu.

"Umeongea?"

"Nimeongea. Halina shida."

"Alisema nini?"

"Si nimekwambia halina shida, Mama Eva? Unataka niapie?"

Erica alitaka aapie, ila Eva alikuwa ndani anaimba huku anapiga pasi, na ilikuwa miaka hajaimba. Basi akaenda kuchambua mchele.

*

Siku ya harusi manyunyu yalikuwa yameanza asubuhi, gari la maharusi likachafuka matope hadi kwenye maua. Eva akashuka. Mkia wa gauni uliinuliwa na wasichana wawili, kola inang'aa kama imewashwa, kidevu kiko juu. Waliokuwa wanapita na mikokoteni kuelekea mpakani walisimama. Mzambia mmoja alipiga mluzi, Erica kwa mara ya kwanza hakuudhika na mluzi.

Efraimu alikuwa na suti mpya. Akampa mwanawe mkono, wakapanda ngazi. Ndani, benchi la mbele, Imelda alikuwa amegeuka mzima mzima kutazama mlango. Mika alikuwa amesimama mbele, mikono haijui ikae wapi. Kwaya ikaanza.

Na mlangoni, nyuma ya ile meza ndogo, alikuwa Nesta. Alikuwa ameshika sahani ya bati kwa mikono miwili.

"Mzee Efraimu," alisema kwa upole kabisa. "Sahani yako hii hapa."

Kwaya ikafifia, si kwa kuambiwa, ni kwa kutaka kusikia. Erica alimtazama mumewe. Na hapo, ndugu zangu, nikiwa nimekaa pale benchi la nyuma kabisa, niliona jambo ambalo sijaliona tena. Efraimu aliichukua ile sahani kutoka mikononi mwa Nesta. Akaitazama. Kisha akairusha nje, ikapiga ngazi, ikaviringika kwenye matope na kupotelea mtaroni. Akageukia kanisa zima akasema, kwa sauti iliyofika mpaka Nakonde: "Moto uliomuunguza huyu mtoto niliuwasha mimi! Petroli ilikuwa yangu, na taa nilimwambia aisogeze mimi! Anayetaka kuvua kitu hapa, anivue mimi uzee wa kanisa!" Halafu Nesta akaangua kilio, akamkumbatia Eva. Imelda akapiga kigelegele. Mchungaji akafuta miwani. Na Eva akaingia na kola yake, akapita katikati ya makofi, akaolewa, akacheza ukumbini mpaka lulu zikawa zinatoa jasho…

*

"Mzee," Bushra alisema. "Lete soda."

Sikuwa nimemhesabu. Alikuwa ndani, nyuma ya kabati la kioo, anapanga hereni kwenye kadi zake, na nikadhani hasikilizi kwa sababu hakuwa ameinua macho hata mara moja.

"Umekamata nini?" nikamuuliza. "Wewe hata kanisani hukuwepo."

"Sikuwepo. Ila kola ni yangu." Alitoka mpaka mlangoni, akajifuta mikono. "Seti ikivaliwa harusi nzima inarudi na poda na jasho kila tundu, nakaa na mswaki naisugua mpaka naumwa mgongo. Ile ilirudi siku ile ile, mchana, ukumbini hata muziki haujapigwa. Aliileta Efraimu mwenyewe. Aliitoa mfukoni mwa koti, bila boksi. Nikaipangusa na kitambaa mara moja, ikarudi rafuni. Sasa wewe unasema alicheza nayo mpaka jioni. Alicheza nayo wapi, mfukoni mwa baba yake?"

Benchi zima likaniangalia. Yassir akaanza kucheka, akaacha.

"Fanta," alisema. "Lakini kwanza sema ilivyokuwa."

Mvua nayo haikutaka kukatika. Nikasema.

*

Efraimu aliitazama ile sahani. Alitazama kwaya, alitazama benchi la wazee wenzake, alimtazama mchungaji, ambaye alikuwa anamtazama kwa mshangao wa mtu asiyejua kitu. Erica aliuona huo mshangao, na akajua kwamba hakuna mtu aliyekwenda kuongea na mtu.

"Baba Eva," alimwambia. "Baba Eva, sema."

Efraimu alimgeukia binti yake.

"Inama, mwanangu," alisema.

Eva hakuelewa. "Nini, baba?"

"Inama kidogo. Sioni kifungo."

Akainama. Mtoto mtiifu. Efraimu alihangaika na kile kindoano, kidole gumba kikamteleza mara kadhaa, na muda wote huo Eva alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya kanisa zima kama mtu anayenyolewa msibani. Kilipoachia, kola ilimwangukia babake mkononi kwa sauti ya mchele unaomwagwa. Nesta akanyoosha sahani. Kola ilikuwa kubwa, haikutosha. Efraimu akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti.

Nesta hakulia wala hakumkumbatia mtu. Nilimwona ameishika ile sahani tupu kifuani, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. Ulikuwa wa mtu aliyekuja kuchukua chake akakuta hakibebeki.

Eva akainuka. Poda aliyopakwa ilikuwa imeishia ukingo wa juu wa kola, chini yake hapakuwa na kitu, kwa hiyo kovu lilionekana lote, waziwazi, kwenye mwanga wa mlangoni. Erica alivua kitenge chake cha kiunoni, akataka kumtupia mabegani. Eva akamzuia mkono.

"Acha, mama."

Efraimu alimpa kiwiko ili amwingize. Eva alikitazama kile kiwiko cha suti mpya, akakipita. Akaingia peke yake, na wale wasichana wawili nyuma wameshika mkia. Kanisa letu si refu, lakini siku hiyo lilikuwa refu kuliko foleni ya malori, na hili nalo naliapia. Watu waliangalia shingo, wakaangalia chini, wakaangalia tena shingo. Mika alitoka mbele akamfuata nusu ya njia, jambo ambalo si utaratibu, lakini hapakuwa na mtu mwenye hamu ya utaratibu tena.

Alipopita benchi la mbele, Imelda alisimama. Akamtazama shingo kwa karibu, kama anavyotazama kitambaa sokoni, na Erica, aliyekuwa anakuja nyuma na kitenge mkononi, akajiandaa kwa lolote.

"Kumbe moto," Imelda alisema. Mabega yote yalimshuka. "Moto tu! Mama Eva, mukwai, si mngesema? Mimi nilidhani ni ugonjwa. Ningeleta la shingo ndefu. Yalikuwepo mawili pale pale dukani, na bei ileile."

Erica alimpita. Alikaa. Anasema mahubiri yote hakusikia hata neno, alikuwa anasikia tu jinsi lulu zinavyogongana mfukoni mwa mumewe kila alipopumua.

Eva na Mika wanaishi Nakonde sasa, na wana mtoto. Kila mwisho wa mwezi Eva anavuka kuja kumwona mama yake pale kibandani, shingo wazi, mtandio ameuacha. Nyumbani hafiki. Akikutana na baba yake njiani anamsalimia kwa adabu zote, shikamoo iko pale pale. Ila hamwiti baba. Anamwita Mzee Efraimu, kama wanavyomwita watu wa kanisani. Na sahani ya bati bado anaishika yeye.

*

Nikatoa pesa, pensheni yangu halali, nikampa muuza duka wa jirani, akaleta kreti. Yassir akachukua Fanta yake bila kucheka. Mmoja mmoja wakachukua. Bushra alichukua tangawizi, akaninyooshea kidole.

"Sasa ule uongo ulikuwa wa nini? Mbona ukweli ulikuwa unaujua?"

Nikamwambia ukweli, maana kreti nilikuwa nimeshalipa: kwamba Efraimu nimekaa naye benchi moja tangu tukiwa vijana, na kila nikiisimulia hadithi hii, nikifika pale mlangoni nampa nafasi nyingine.

"Na yeye?" Bushra aliuliza. "Ulishawahi kumsimulia yeye?"

Nikainua chupa, nikanywa.

Kwenye kreti ilibaki moja. Bushra akasema apelekewe Erica, kibanda chake si kinaonekana kutoka hapa, ni kuvuka barabara tu. Mvua ilikuwa imekatika. Tulimwona kule ng'ambo anapima kilo ya mtu, anaongeza kiganja kimoja juu. Kila mtu akamtazama mwenzake. Kisha wakaanza kunyanyuka, mmoja akakumbuka gari lake, mwingine akakumbuka mkewe, na soda ile ikabaki kwenye kreti inapoteza baridi.